Uzamivu wa damu siyo ubingwa wa damu

Hili neno uzamivu nimelisikia likipindishwa mara nyingi mno sasa. Juzi nimemtumia mpwa wangu tangazo la nafasi ya uzamivu kwenye hematolojia, kijana ana masta ya biokemia na anashinda maabara akipima damu za watu, akanijibu, "Shikamoo mjomba, nimeliona ila hiyo si ya madaktari?" Nikalipeleka barazani hapa Ngamiani, tunakunywa kahawa, na wenzangu wote wakasema kijana yuko sahihi, ukisomea uzamivu wa damu unatoka daktari wa damu, unatibu. Hapana jamani.

Maana yenyewe fupi tu: hematolojia ni elimu ya damu na magonjwa yake, sikoseli, hemofilia, lukemia na mengineyo. Uzamivu ndo hiyo PhD, shahada inayofuata baada ya uzamili, unaipata kwa kufanya utafiti wako mwenyewe ukaibuka na jambo ambalo lilikuwa halijajulikana.

Kuibuka nimesema makusudi, maana uzamivu umetoka kwenye kuzama. Mzamivu ni mpiga mbizi, na sisi watu wa Tanga hilo hatuhitaji kufundishwa. Mpiga mbizi hahangaiki na bahari nzima, anachagua pahala pamoja anashuka mpaka chini. Kwenye damu ni hivyohivyo. Chukua sikoseli: mtoto akizaliwa nayo, miezi ya mwanzo huwa hana shida kwasababu bado ana himoglobini, yani ile ya kubeba oksijeni kwenye damu, ya aina aliyokuwa nayo tumboni kwa mama, ikipungua ndo maumivu yanaanza. Sasa wapo watu ambao ile himoglobini haiwaishi hata ukubwani na ugonjwa kwao unakuwa mwepesi. Kwanini? Mtu anaweza kuzama kwenye hilo swali moja miaka mitatu minne asimwandikie mgonjwa hata kidonge kimoja, na bado kazi yake ikafika kwa mgonjwa, maana mwaka 2023 Uingereza na Marekani zimeidhinisha tiba ya kuhariri jeni ambayo kazi yake ni kuiamsha himoglobini hiyohiyo.

Kinachotuponza ni neno daktari. Tumelitoa kwenye Kiingereza tukaliacha kwa mtu wa sindano, wakati huko kwenye Kilatini lilikotoka asili yake ni kufundisha, yani daktari alikuwa mwalimu kabla hajawa mtu wa dawa. Mtu wa kutibu sisi tulishakuwa na majina yake, mganga tangu enzi, na tabibu kutoka kwa Waarabu. Kwahiyo Dkt. mbele ya jina peke yake haikuambii kama huyu mtu atakupima au atakufundisha.

Ubingwa ni njia nyingine kabisa. Unamaliza udaktari wa tiba, unarudi darasani kusomea ubingwa, MUHAS, chuo cha afya cha Muhimbili, wanao wa damu na uongezaji damu, ukitoka hapo unapita wodini. Wapo waliopita kote kuwili, Profesa Julie Makani alianza na udaktari pale Muhimbili ndo akaja kufanya uzamivu kwenye sikoseli, lakini siyo sharti kila mtu apite hivyo. Nafasi nyingi za uzamivu wa damu zinapokea mtu wa jenetiki, wa biolojia, wa takwimu, wa maabara kama huyu mpwa wangu, na nchi kama Ujerumani, Uholanzi na Sweden mara nyingi inakuwa ajira yenye mshahara. Wakimtaka daktari wa tiba peke yake wataandika wazi kwenye sifa za mwombaji.

Leo asubuhi nimemwandikia tena, asome zile sifa mpaka mstari wa mwisho kabla hajasema siyo yake. Na nyie wa barazani, akiipata msije mkampelekea karatasi za vipimo awaandikie dawa. Mwiteni mtafiti wa damu, hiyo Dkt. ataipata akimaliza, na sindano mtachomwa na mwingine.