Kihatarishi: kwa nini bakteria sugu huingia kwenye damu ya huyu, si ya yule

Wagonjwa wawili wa wodi moja wanapandisha homa usiku uleule. Wote wanatolewa damu ya kuotesha maabara, wote wanaanzishiwa sindano ileile. Siku ya tatu mmoja anaomba uji. Mwenzake homa iko palepale na presha inazidi kushuka. Majibu ya maabara yanaonyesha bakteria aliyemo kwenye damu yake haisikii dawa ile. Je, kulikuwa na dalili yoyote ya kumtofautisha na mwenzake kabla ya majibu? Mara nyingi ilikuwapo, na ndiyo inayoitwa kihatarishi.

Kihatarishi ni hali inayoongeza uwezekano wa mtu kupatwa na tatizo fulani. Si chanzo chenyewe. Chanzo ni bakteria. Mtu anaweza kuwa na vihatarishi vitatu akarudi nyumbani salama, na mwingine asiye na hata kimoja akaugua.

Kwa bakteria sugu, kihatarishi ambacho mimi hukitaja kwanza ni antibayotiki ambazo mgonjwa ametumia karibuni. Utumbo wa kila mtu umejaa bakteria, na kati yao wanaweza kuwamo wachache walio sugu. Dozi ikiingia, wanaodhurika wanakufa, walio sugu wanabaki na shamba lisilo na mshindani. Klebsiella na E. koli, bakteria wanaoishi utumboni, wengi wao walio sugu hutengeneza vimeng'enya viitwavyo ESBL, vinavyovunja penisilini na hata seftriaksoni, sindano ambayo wodi zetu nyingi huanza nayo. Wakiwa utumboni wanaweza kukaa kimya miezi kadhaa.

Tatizo linaanza wakipata njia ya kufika kwenye damu, na hospitali, kwa nia njema kabisa, hufungua njia nyingi: kanula ya dripu, mpira wa mkojo, mrija wa kwenye mshipa mkubwa wa shingo, mashine ya kupumulia, kidonda cha upasuaji. Ngozi ni ukuta, na kila mrija ni tundu kwenye ukuta huo. Kanula isiyo na kazi tena iliyoachwa mkononi ni hatari ya bure, na inaniuma kila ninapoiona.

Siku za kulazwa nazo huhesabiwa, hasa kwa mgonjwa mahututi au aliyehamishwa kutoka hospitali nyingine, kwa sababu bakteria wa wodi husafiri kwa mikono na vifaa. Ila hapa pana mtego: anayekaa sana wodini mara nyingi ndiye aliyekuwa mgonjwa zaidi tangu mwanzo, na maambukizi yenyewe humrefushia siku. Watafiti makini huhesabu siku zilizotangulia maambukizi tu.

Kisha kuna kinga dhaifu: watoto njiti, wanaotibiwa saratani, wanaosafishwa damu kwa sababu ya figo.

Uzito wa jambo hili ulionekana Hospitali ya Taifa Muhimbili, Dar es Salaam, katika utafiti wa watoto waliolazwa mwaka 2001 na 2002. Kati ya waliokuwa na bakteria wa ESBL kwenye damu, asilimia 71 walifariki. Kwa wenye bakteria wasio na ESBL ilikuwa asilimia 39. Kupewa dawa ambayo bakteria ameshaizoea kulikuwa miongoni mwa mambo yaliyoambatana na vifo.

Majibu ya kuotesha damu huchukua siku mbili tatu, na mgonjwa mwenye sepsisi, yaani maambukizi yaliyoanza kudhuru viungo vya mwili, hawezi kuzisubiri. Daktari hulazimika kuchagua dawa ya kwanza kwa kukadiria, na vihatarishi ndivyo vinavyomwongoza. Ndiyo maana huuliza: alilazwa lini mara ya mwisho? Alimeza nini kutoka duka la dawa kabla ya kuja? Ndugu aliyekuja na boksi la dawa, hata kama limebaki tupu, amemletea daktari taarifa ambayo maabara haitaitoa usiku huo.