Utando mweupe si uyoga bado

Chupa ya mchele iliyojaa utando mweupe hunitia wasiwasi. Wageni wakiiona hunipa hongera kwamba kuvu imeota. Imeota kweli, lakini Cordyceps militaris, kuvu ya wadudu ninayoikuza kwa ajili ya uyoga wake, huweza kutanda chupa nzima isitoe hata uyoga mmoja.

Porini kuvu hii hushika pupa wa nondo (hatua kati ya kiwavi na nondo kamili) aliyejificha udongoni. Hupenya ngozi yake, huongezeka ndani ya damu, humjaza nyuzi za kuvu hadi akauke mzimamzima, ndipo virungu vya rangi ya chungwa, yaani uyoga wenyewe, huchomoza juu ya ardhi.

Maabarani, badala ya mdudu natumia mchele usiokobolewa, unga wa pupa wa nondo wa hariri na maji yenye virutubisho. Nauchemsha mchanganyiko kwenye otoklevu (chungu cha mvuke wa shinikizo kinachoua vijidudu) kwa nyuzi joto 121, ukipoa napandikiza mbegu ya majimaji, yaani utando uliokuzwa ndani ya maji. Chupa hukaa gizani kama wiki moja, kisha nawasha taa saa 12 kwa siku, joto likiwa karibu nyuzi 20 na hewa yenye unyevu mwingi. Bila mwanga utando hubaki mweupe. Mwanga ndio huugeuza rangi na kuamsha virungu.

Ila kazi ngumu iko kwenye mbegu. Kila spora (chembe ya uzazi) ya uyoga huu ina jinsia moja kati ya mbili, na kichwa cha kirungu hakikomai hadi zote mbili zikutane. Mwaka wangu wa kwanza nilihamisha utando uleule kutoka sahani hadi sahani kwa miezi, kwa kuwa ulikuwa unakua haraka. Nilipanda chupa 40. Zote zilitanda vizuri, hakuna iliyozaa. Mbegu ilikuwa imechakaa. Sababu moja inayojulikana ni kwamba katika kuhamishwa mara kwa mara, jinsia moja huweza kupungua au kupotea kabisa, na machoni huoni tofauti yoyote.

Sasa sihamishi mbegu zaidi ya mara mbili au tatu. Nakala za mwanzo nazigandisha kwenye gliseroli, kimiminika kinachozilinda na barafu, nyuzi 80 chini ya sifuri. Kichwa kikikomaa na kuwa na vipele vyenye spora, nakibandika ndani ya kifuniko cha sahani ya aga (jeli ya kukuzia kuvu), kikitazama chini. Kufikia asubuhi spora zimeshadondoka. Naziokota mojamoja chini ya hadubini, nazilea mbalimbali, kisha naanza kuzioanisha upya, kila jozi kwenye chupa tatu za majaribio.