Je, wajua kwa nini kabureta kubwa huweza kuilegeza pikapu?

Kwa miaka niliamini hesabu nyepesi: kabureta yenye mdomo mpana inamimina petroli nyingi, na petroli nyingi ndiyo nguvu. Basi nikaifungia Hilux yangu ya injini ya 22R, ile ya lita 2.4, kabureta iliyoizidi kimo. Kwenye tambarare ilikimbia. Mlima Kitonga, gia ya pili, saruji nyuma, kila nikikanyaga mafuta inakohoa, inajivuta, mwisho ikazima na foleni ya malori mgongoni.

Kosa lilikuwa kwenye neno “inamimina”. Kabureta haimimini kitu. Petroli imetulia kibakulini ikingoja kunyonywa, na kinachoinyonya ni kasi ya hewa. Kumbuka bomba la mkono la kupulizia dawa ya mbu: ukisukuma kwa nguvu, hewa inakatiza juu ya ncha ya mrija, mgandamizo pale unashuka, dawa inapanda yenyewe na kutoka kama ukungu. Ukisukuma kivivu, unapata matone. Kabureta ni bomba hilohilo, ila hewa inavutwa na pistoni. Ndiyo maana koo lake limebanwa katikati, umbo lililopewa jina la Mwitalia Giovanni Battista Venturi, aliyeandika habari zake mwaka 1797, wakati hakuna gari la petroli popote.

Sasa puliza jiko la mkaa. Ukibana midomo, makaa yanawaka. Ukiachama, pumzi ni ileile lakini hata jivu halitikisiki. Kwa mizunguko 1,500 kwa dakika, 22R haiwezi kuvuta zaidi ya lita 1,775 hivi za hewa kila dakika, hata ukikanyaga mpaka chini. Zipitishe kwenye koo pana, zitapita zikitembea, bila kasi ya kunyonya petroli. Na gari la mizigo linaishi kwenye mizunguko hiyo.

Kabureta ya Weber 32/36, inayopendwa na wenye Hilux za zamani, imelikwepa tatizo: kilango cha milimita 32 hufunguka kwanza, cha 36 hufuata mguu ukizama. Wanaoisifu hawadanganyi, ingawa wengi walitoa kabureta iliyochakaa wakaweka mpya, kwa hiyo sehemu ya sifa ni ya upya tu.

Hata hivyo, kabureta iliyokaa sawa Dar es Salaam ikifika Mbeya, mita 1,700 hivi juu ya bahari, hewa ni nyepesi, petroli inazidi, plagi zinavaa masizi. Hapo hubadilishi kabureta, ni jeti tu, kijipande cha shaba chenye tundu. Namba 140 ni milimita 1.40. Fundi anaitoa, anaweka 135. Tofauti ni kama unene wa unywele, na plagi zinarudia rangi yake ya kahawia.