Pikseli nyingi si lazima kioo kizuri: dhana potofu kuhusu resolusheni ya laptopu

Katika orodha ya sifa za laptopu, namba kama 1920×1080 hukaa jirani na prosesa na RAM, na wengi huisoma kama wanavyoisoma RAM: ikizidi ndiyo bora. Namba hiyo inasema jambo moja tu, kwamba kioo kina nukta (pikseli) 1920 kwa upana na 1080 kwa kimo. Haisemi nukta hizo zimebanana kiasi gani, zinang'aa vipi, wala zinatoa rangi gani.

Dhana: resolusheni kubwa ndiyo picha kali

Ukali wa picha unatokana na msongamano, yaani pikseli ngapi zimeingia kwenye inchi moja. Chukua upana uuzidishe kwa wenyewe, na kimo vivyo hivyo, jumlisha, tafuta kipeuo cha pili, kisha gawanya kwa inchi za kioo, zinazopimwa kutoka pembe hadi pembe. Full HD (1920×1080) inatoa kipeuo cha 2203. Kwenye kioo cha inchi 13.3 ni pikseli 166 kwa inchi, kwenye 15.6 ni 141, na kwenye 17.3 zinashuka hadi 127. Namba ni ileile, picha si ileile.

Hata ile 1366×768 inayodharauliwa inategemea imekaa wapi. Kwenye inchi 15.6 ni pikseli 100 tu, na ukiitazama herufi ndogo "e" kwa karibu utaona mapindo yake yamekatika kama ngazi. Kwenye kilaptopu cha inchi 11.6 ni 135, karibu sawa na Full HD ya inchi 15.6.

Macho nayo yana kikomo. Mtu anayeona vizuri hutenganisha nukta mbili zilizoachana kwa sehemu moja ya sitini ya digrii. Ukikaa sentimita 60 kutoka kwenye kioo, hiyo ni kama milimita 0.17, yaani pikseli 145 kwa inchi. Kwa sentimita 50 ni kama 175. Kingo za maandishi huendelea kunufaika kidogo juu ya hapo, ila 4K (3840×2160) kwenye inchi 14 ni pikseli 315 kwa inchi, na sehemu kubwa ya hizo jicho halitazitambua.

Dhana: 4K inakupa nafasi zaidi ya kufanyia kazi

Hii ndiyo inayowaponza wengi. Pikseli zikiwa ndogo sana, herufi nazo hupungua hadi hazisomeki, kwa hiyo Windows hukuza kila kitu. Kioo cha 4K cha inchi 15.6 kwa kawaida huwekwa asilimia 250. Gawanya 3840×2160 kwa 2.5: unabaki na nafasi ya 1536×864. Sasa chukua Full HD ya inchi hizohizo, iliyokuzwa asilimia 125. Gawanya kwa 1.25: 1536×864. Fungua jedwali lilelile kwenye laptopu zote mbili na utahesabu mistari ileile. Ulicholipia ni herufi laini zaidi, si uwanja mpana zaidi.

Ukitaka uwanja kweli, angalia umbo la kioo. 1920×1200 ina safu 120 zaidi ya 1920×1080, ongezeko la asilimia 11 kwenda chini, na huko ndiko nyaraka na kurasa za mtandao zinakoelekea. Kwa kazi za ofisi, inchi 14 yenye 1920×1200 ni chaguo ambalo ni vigumu kujutia.

Programu za zamani ambazo hazikutengenezwa kwa ajili ya ukuzaji huchorwa ndogo kisha zikavutwa, ndiyo maana maandishi yake huonekana kama yana ukungu. Bofya ikoni yake kwa kitufe cha kulia, fungua sifa zake, ingia kwenye kichupo cha upatanifu na ubadilishe mpangilio wa DPI, yaani wa ukuzaji. Wakati mwingine inasaidia, wakati mwingine menyu zinapotea kwa udogo.

Dhana: herufi zikiwa ndogo, shusha resolusheni

Usiishushe. Kioo cha laptopu kina nukta za kudumu. Ukiiambia Full HD ionyeshe 1366×768, kila pikseli ya picha inatakiwa ijaze nukta 1.4 kwa upana na 1.4 kwa kimo, na nukta haigawanyiki, kwa hiyo rangi husambazwa kwa majirani na maandishi hufifia. Iache resolusheni kwenye kiwango chake cha asili, ongeza ukuzaji.

Dhana: 4K ni mara mbili ya Full HD

Ni mara nne: pikseli 8,294,400 dhidi ya 2,073,600. Kadi ya picha inayoendesha gemu vizuri kwenye Full HD inaongezewa mzigo mara nne. Betri nayo inaumia: kwenye kioo cha LCD, kila pikseli ina transista na nyaya zake, pikseli zikiwa ndogo nafasi ya mwanga kupita hupungua, na taa ya nyuma hulazimika kuwaka kwa nguvu zaidi.

Dhana: Full HD zote ni sawa

Hapa ndipo pesa inapopotea kimyakimya. Full HD moja ina mwanga wa niti 250 (niti ni kipimo cha mng'ao) na rangi asilimia 45 ya NTSC, ambayo ni zaidi kidogo ya asilimia 60 ya sRGB (vyote viwili ni vipimo vya wingi wa rangi); nyekundu yake inaelekea rangi ya matofali. Nyingine ina niti 400 na sRGB kamili. Kati ya 4K hafifu na Full HD ya IPS (aina ya LCD ambayo rangi zake hazigeuki ukiitazama kwa upande) yenye mwanga wa kutosha, chukua ya pili bila kusita. Kioo cha TN, aina nyingine ya LCD, utakitambua kwa kukilaza nyuma kidogo: rangi zinageuka.

Dhana: laptopu ya Full HD haiwezi kuendesha monita ya 4K

Inaweza. Kinachoamua ni kadi ya picha na tundu. HDMI 1.4 hutoa 4K kwa herzi 30, yaani picha 30 kwa sekunde, na kishale cha kipanya kitaonekana kinaburuzika, HDMI 2.0 hufika herzi 60.

Dhana: nitabadilisha kioo baadaye

Pengine. Kioo cha 1366×768 hutosheka na njia moja ya data kwenye kebo ya eDP, ile inayounganisha kioo na bodi ya laptopu, ilhali Full HD huhitaji mbili. Baadhi ya watengenezaji huacha kabisa waya za njia ya pili, hivyo kioo kipya kinaingia, soketi ya pini 30 inafanana, na picha haitoki. Utanunua na kebo pia.

Tahadhari ya mwisho ni kuhusu majina. "HD" pekee mara nyingi ni 1366×768, na "2K" huandikwa kwenye vioo vya 2560×1440 na hata 2560×1600. Laptopu yenye jina moja la modeli huweza kuuzwa na vioo vitatu tofauti, kwa hiyo washa mashine kabla ya kulipa, fungua mipangilio ya mfumo upande wa onyesho, usome resolusheni iliyoandikwa kuwa inapendekezwa. Orodha ikiishia 1024×768, usikilaumu kioo kwanza: mara nyingi ni draiva ya kadi ya picha, yaani programu inayoiendesha, ambayo haijawekwa.