Tuzo ya Mgodini: Jinsi Matabaka Yanavyodumishwa katika Red Rising

Katika kufundisha bunilizi za kisayansi, swali ninaloulizwa mara kwa mara kuhusu riwaya za uasi ni kwa nini wanyonge, ambao siku zote ndio wengi, hawainuki mapema. Red Rising, riwaya ya Mmarekani Pierce Brown iliyotoka mwaka 2014, inalijibu swali hilo katika sura zake za mwanzo, kabla ya mapigano ambayo wasomaji wengi huyasifu.

Jamii anayoisawiri mwandishi imegawanywa katika rangi 14, na kila mtu hubeba alama ya rangi yake mikononi. Dhahabu wanatawala, Fedha wanashika biashara, Kijivu ni askari, na Wekundu, walio chini kabisa, wanachimba gesi ya heli-3 ndani ya ardhi ya Mirihi. Wekundu hao wameaminishwa kwamba wao ni watangulizi, na kwamba jasho lao ndilo litakaloifanya sayari hiyo ikalike. Kumbe juu ya vichwa vyao miji imekwisha kujengwa na watu wanaishi humo kwa raha.

Uongo huo ni mkubwa, lakini kwa maoni yangu si huo unaouendesha mgodi siku hadi siku. Kazi hiyo inafanywa na tuzo iitwayo Laurel, ambayo huwapatia chakula cha ziada watu wa ukoo unaotangazwa kuwa umechimba zaidi. Darrow, kijana wa miaka 16 wa ukoo wa Lambda, anahatarisha maisha yake kwenye mtambo wa kuchimbia akiamini kwamba safari hii ushindi ni wao, na bado tuzo inapewa Gamma, kama ilivyo desturi. Hasira ya Lambda inawaangukia Gamma, ambao ni wachimbaji vilevile, wala haimfikii anayegawa.

Mkewe, Eo, ndiye anayeuona mchezo huo, naye ananyongwa kwa kuimba wimbo uliopigwa marufuku. Kwa kuwa nguvu ya uvutano ya Mirihi ni ndogo, kitanzi peke yake hakimuui mtu upesi, hivyo ndugu wa anayenyongwa huachiwa wamvute miguu. Darrow anamvuta mkewe. Sijui tukio jingine katika riwaya hii linaloeleza kwa ukatili kiasi hicho jinsi dola inavyomfanya mnyonge amalizie kazi yake.

Majina ya madini, kwa msomaji wa falsafa, yanamkumbusha Plato, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, aliyesimulia katika kitabu chake Jamhuri kwamba Mungu alichanganya dhahabu katika watawala, fedha katika wasaidizi wao, na chuma na shaba katika wakulima na mafundi. Plato alikubali hata hivyo kwamba mzazi wa shaba anaweza kumzaa mtoto wa dhahabu. Watawala wa Brown hawakubali hilo, na ndiyo maana waasi wanapomfanyia Darrow upasuaji hadi akawa Dhahabu, hoja nzima ya damu bora inaporomoka.

Kasoro ninayoiona inaanzia hapo. Darrow akishaingia katika Chuo cha watawala, Wekundu wanatoweka karibu kabisa, na kurasa nyingi zinakwenda kwa watoto wa wakubwa wanaopigania ngome. Kinachoziokoa kurasa hizo ni namna Darrow anavyojipatia jeshi: wenzake wanawafanya mateka kuwa watumwa, yeye anawapa nafasi ya kuwa huru, na anapoamuru mfuasi wake achapwe viboko, anaamuru naye mwenyewe achapwe.