Mtumbwi mmoja, ziwa moja, mbona kichocho kinamrudia mmoja tu?

Swali ninaloulizwa sana na wavuvi wa huku kwetu Mwanza, kuanzia Kirumba mpaka mialo ya Ukerewe, ni hili: mimi na mdogo wangu tunavua mtumbwi mmoja, tunaoga maji yaleyale, dawa ya kichocho tumemeza siku moja, sasa mbona mwaka umepita yeye mzima na mimi nimekutwa tena na mayai kwenye choo? Mimi kazi yangu ni maabara, upande wa kinga ya mwili, na nataka nilijibu kwa kirefu kwasababu wengi wanaishia kuambiwa ni wazembe, na hilo linaniuma.

Maji yanachangia sana, sibishi, anayeshinda ziwani anapata zaidi ya anayepita tu. Lakini chukua vijana wanaoosha magari ndani ya maji kule Kisumu, ziwa hilihili letu, kazi moja, kila siku miguu iko majini. Utafiti wao uliotoka 2002 ulionyesha kuwa baada ya kutibiwa mara kwa mara kuna waliojenga kinga wakawa wanakaa muda mrefu bila kuambukizwa, na kuna ambao waliendelea kuambukizwa harakaharaka kama mwanzo. Alafu wale wenye VVU ambao CD4 zao zilikuwa zimeshuka, kichocho kiliwarudia upesi zaidi. Hapo ndo utajua nani anafanya kazi, maana CD4 ni seli T saidizi, yaani zile seli nyeupe zinazotoa amri kwa wenzake.

Sasa amri yenyewe inatoka kwenye jeni. Kila seli yako ina DNA ileile, tofauti ni jeni zipi zimefunguliwa na zipi zimefungwa, na seli T ikishatambua kwamba adui ni mnyoo kuna protini inaitwa GATA3 inaingia kwenye kiini cha seli na kufungua jeni tatu: IL-4, IL-5 na IL-13, ambazo zinatengeneza protini za ujumbe ambazo seli hutumiana, nazo zinaitwa kwa majina hayohayo. IL-4 na IL-13 zinazisukuma seli B zitengeneze kingamwili aina ya IgE, IL-5 inaongeza eosinofili, seli nyeupe za kupambana na minyoo, kwenye damu, na hivyo viwili vikikutana ndo vinawashambulia minyoo wachanga kabla hawajakomaa. Jeni hizo tatu ziko jirani kabisa kwenye kromosomu ya 5 (kromosomu ni kifurushi cha DNA ndani ya seli), kwa panya ziko kromosomu ya 11 lakini ujirani uko vilevile, na cha ajabu sehemu muhimu ya DNA inayozidhibiti imekaa ndani ya jeni nyingine isiyohusiana nazo, RAD50, ambayo kazi yake ni kukarabati DNA iliyokatika. Binadamu na panya wametengana makumi ya mamilioni ya miaka na mpangilio huo haujavunjika, mimi kila nikilifundisha hili nafurahi upya.

Na ni eneo hilohilo la DNA linalojitokeza ukitafuta kwanini kichocho kinawazidi wengine. Mwaka 1996 watafiti waliofuatilia familia za Brazili zenye kichocho cha tumbo waliona kwamba wingi wa minyoo unafuata kipande cha kromosomu ya 5 kilichobeba jeni hizi. Mwaka 2005 wengine wakaenda kwa Wadogoni wa Mali, huko ni kichocho cha mkojo, wakakuta herufi moja tu ya DNA iliyo mbele ya jeni ya IL-13: walio na herufi C hapo walionekana kuambukizwa zaidi ya walio na herufi T. Hiyo herufi T hiyo, kwingineko imehusishwa na pumu. Kwahiyo usiwahi kumwambia mtu ana jeni mbovu, jeni inategemea unaishi wapi na unapambana na nini.

Ila jeni haikupi kinga ukiwa umekaa tu. Minyoo wakubwa wanaishi miaka kwenye mishipa ya damu wakijificha, dawa ikiwaua wanapasuka na protini zao zinaonekana, hapo ndo seli zako zinajifunza. Mwingine anajifunza baada ya dozi chache, mwingine inachukua nyingi sana, na huyu wa pili ndo anayehitaji dawa zaidi, sio kugombezwa.

Kuna kitu kingine ambacho watu hawakijui. Kuwa na minyoo mingi na kuharibika ini havifuatani kila mara. Mayai yakinasa kwenye ini mwili unayazungushia seli, IL-13 ikiendelea kufanya kazi kwa nguvu muda mrefu inaacha makovu, na kinachoizuia ni intafironi gama, protini nyingine ya ujumbe ya kinga. Huko Sudani mwaka 1999 makovu makali ya ini yalifuatiliwa mpaka kwenye kromosomu ya 6, karibu kabisa na jeni ya IFNGR1, ambayo inatengeneza kipokezi cha hiyo intafironi. Ndo maana ndugu wawili, mmoja anaweza kuwa na mayai kibao na ini lake zuri, mwenzake ana mayai machache na tumbo linaanza kujaa maji. Kwahiyo ukienda kupima na umeishi ziwani miaka mingi, usiridhike na kipimo cha choo peke yake, omba na ultrasaundi ya ini.