Banjo ya nyuzi sita: mkono wa kushoto unaijua, kazi iko kwenye ngozi

Mpiga gitaa akishika banjo ya nyuzi sita kwa mara ya kwanza hujiona yuko nyumbani. Nyuzi zimepangwa E A D G B E kama alivyozoea, kodi (noti zinazopigwa pamoja) ya C iko palepale, vidole vya kushoto havina jipya. Kisha anaipiga G kwa nyuzi zote sita, kwa nguvu, na kinachotoka kinamvunja moyo: besi inavuma bila noti inayoeleweka, uzi wa tatu umepanda kuliko wenzake, na sauti yote imezima kabla mkono haujarudi juu. Hapo ndipo watu husema chombo ni kibovu. Mara nyingi si kibovu. Hakijawambwa sawasawa, kimetiwa nyuzi nzito mno, na kinapigwa kama gitaa ilhali ni ngoma yenye shingo.

Neno ngoma nalitumia kwa maana yake halisi. Banjo imetokana na vyombo vya kibuyu na ngozi vya Waafrika waliopelekwa utumwani katika visiwa vya Karibi na Amerika Kaskazini. Inayojulikana zaidi leo ni ya nyuzi tano. Ya nyuzi sita, yenye mpangilio wa gitaa, ilipata kazi nyingi miaka ya 1920, wakati gitaa lilikuwa bado halina umeme na halisikiki mbele ya tarumbeta. Papa Charlie Jackson alirekodi nayo bluzi kuanzia 1924, Johnny St. Cyr aliipiga katika bendi ya Hot Five ya Louis Armstrong huko Chicago kuanzia 1925, na Django Reinhardt alianzia kwenye chombo hiki kabla ya gitaa. Kwa hiyo ukiambiwa kwamba hiyo si banjo halisi, jua kwamba muziki wa jazi ulijengwa juu yake kabla ya wengi wetu kuzaliwa.

Tuanze na sababu ya sauti kuwa kubwa na fupi, maana mengine yote yanafuata hapo. Ubao wa juu wa gitaa ni mgumu na mzito kuliko ngozi; huichukua nguvu ya uzi kidogo kidogo, ndiyo maana noti hudumu. Ngozi ya banjo ni nyepesi na imevutwa. Daraja, yaani kijiti kinachobeba nyuzi juu ya ngozi, likitikisika kidogo tu, ngozi nzima inaitika na nguvu ya uzi inamwagika hewani kwa mkupuo. Kelele nyingi, muda mfupi. Hakuna marekebisho yatakayokupa sauti ya banjo inayodumu kama ya gitaa, na anayeahidi hivyo anakupotezea fedha.

Kuwamba

Ngozi ya banjo za leo kwa kawaida ni plastiki ya polista, si ya mbuzi wala ndama, na kipenyo kilichoenea ni inchi 11, yaani kama sm 28. Inashikwa na pete ya chuma inayovutwa chini na kulabu, mara nyingi 16 hadi 24, kila kulabu na nati yake. Ikilegea, daraja linazama, nyuzi zinashuka hadi zinagonga freti (vyuma vya kwenye shingo), na sauti inakuwa ya debe lenye maji. Ikikazwa kupita kiasi, sauti inakuwa kavu na kali, kulabu zinapinda, na mwisho ngozi inapasuka pale inapokunjwa ukingoni.

Wahenga walisema mwamba ngoma ngozi huivutia kwake, na hilo ndilo kosa lenyewe hapa: mtu anaanza kukaza upande ulio karibu naye na kuzunguka. Pete inalala upande mmoja na hairudi kirahisi. Kaza kama unavyokaza nati za gurudumu la gari, kwa kuvuka: moja hapa, ya pili iliyo mkabala wake, kisha robo ya duara pembeni, na iliyo mkabala wa hiyo. Kila nati izungushwe moja ya nane ya mzunguko, isizidi. Ukimaliza raundi moja, ziba nyuzi kwa kiganja, gonga ngozi kwa ncha ya kidole sentimita mbili kutoka kwenye kila kulabu, usikilize. Palipo chini kuliko kwingine, ongeza kidogo. Palipo juu, usifungue. Kaza majirani zake. Kwa ngozi ya inchi 11 lenga mlio wa kugonga unaokaribia noti ya G, au kati ya G na G#. Mwenye DrumDial, kifaa cha kupimia mvuto wa ngozi, alenge kati ya 87 na 90. Asiye nacho aweke rula iliyonyooka juu ya ngozi, ukingo hadi ukingo, ikiligusa daraja kwa ubavu: mwanya wa chini yake ukizidi milimita 2, ngozi bado imelegea.

Ngozi mpya hulegea yenyewe siku za mwanzo. Irudie baada ya siku mbili tatu, na tena baada ya wiki. Usijaribu kufika kwa siku moja.

Daraja lisilogundishwa

Hili huwashangaza watu wa gitaa kuliko yote. Daraja la banjo halijagundishwa popote; limesimama kwa kukandamizwa na nyuzi tu. Ukizivua nyuzi zote pamoja, linaanguka na kipimo chako kinapotea. Badilisha uzi mmoja mmoja, na kabla hujagusa chochote chora alama ya penseli kwenye ngozi pande zote mbili za miguu yake.

Kulipanga, pima kwanza kutoka kizingiti cha juu ya shingo hadi freti ya 12, kisha rudia umbali huohuo kutoka freti ya 12 kwenda mkiani, pale nyuzi zinapofungwa. Hapo ni mwanzo tu. Sasa chukua uzi wa kwanza: uguse juu ya freti ya 12 bila kuubonyeza ili utoe ile sauti ya kengele, halafu ubonyeze hapohapo. Noti ya kubonyeza ikiwa juu kuliko ya kengele, uzi ni mfupi, sogeza daraja kuelekea mkia. Ikiwa chini, sogeza kuelekea shingo. Fanya vivyo hivyo kwa uzi wa sita. Utakuta upande wa besi unahitaji kurudi nyuma zaidi, kwa kawaida milimita 3 hadi 5, kwa hiyo daraja litakaa mshazari. Ni sawa, usilinyooshe kwa ajili ya macho.

Tatizo linalobaki ni uzi wa tatu. Seti nyingi za gitaa la umeme zina G tupu, isiyozungushiwa waya mwembamba, na daraja lililonyooka haliwezi kuirekebisha bila kuharibu jirani zake. Nunua seti yenye G iliyozungushiwa, kama zile nyepesi za gitaa kavu, na nusu ya malalamiko yataisha siku hiyohiyo.

Unene wa kuanzia ni namba 10, yaani seti ya 10 hadi 46 au 47 (elfu za inchi, kutoka uzi mwembamba hadi mnene). Usipande hadi 12 kwa kutafuta sauti kubwa. Chombo hiki hakikosi sauti. Nyuzi nzito zinazamisha ngozi na kuvuta shingo, nawe unajikuta unakaza kulabu kila wiki kumbe unashindana na nyuzi zako mwenyewe. Angalia pia mkia: mwingine unashika nyuzi zenye kishanga cha shaba, mwingine unataka kitanzi. Ukiwa na mkia wa kitanzi na duka lina nyuzi za gitaa tu, kisukume kishanga kitoke kwa ncha ya msumari, au kibane kwa koleo kivunjike. Kinachobaki ni kitanzi tayari.

Nyuzi zikiwa juu au chini mno, fuata mpangilio huu: ngozi kwanza, kisha nondo iliyo ndani ya shingo kwa robo mzunguko kila mara, kisha kimo cha daraja. Milimita 2.5 juu ya freti ya 12 inamtosha mtu wa gitaa. Zile nondo zinazopita ndani ya duara la mbao ziwe za mwisho kabisa na kwa mguso mdogo. Ukizitumia kuvuta shingo kwa nguvu, unapindisha duara, na duara lililopinda halina dawa ya nyumbani.

Besi inayovuma

Uzi wa sita, E ya chini, hutetemeka mara 82 kwa sekunde. Ngozi ndogo ya inchi 11 haiwezi kuusukumia hewani msingi wa noti hiyo kama inavyostahili, kwa hiyo unasikia mvumo na mlio wa juu bila mwili wa katikati. Kuna mambo matatu ya kufanya. La kwanza ni kitambaa: kunja soksi safi, ipachike kati ya nondo na ngozi kwa ndani, upande wa mkiani, iguse ngozi bila kuisukuma. Isogeze karibu na daraja kidogo kidogo hadi mvumo upungue; ukiona na sauti nzuri imekufa, umepita. La pili ni kuacha kuupiga. Kodi za banjo zinapendeza kwa nyuzi tatu au nne za juu, zikikatwa fupi, nne kwa kila kipimo cha midundo minne. Ukiwa na mpiga besi kwenye bendi, ile E yako haihitajiki hata kidogo. La tatu ni kuuondoa uzi wenyewe, na hilo linatupeleka mahali ninapopapenda zaidi.

Kuigeuza iseme kama ya nyuzi tano

Banjo ya nyuzi tano hupangwa g D G B D, na ile g ya kwanza ni nyembamba, na sauti yake ni ya juu kuliko zote, ingawa imekaa upande wa kidole gumba. Mlio ule wa kumeta unatoka hapo. Mpiga gitaa anaweza kuupata hivi: vua uzi wa sita. Vua na wa tano, mahali pake weka uzi mwembamba wa namba 8 au 9, uvute hadi G ya juu, noti ileile ya freti ya tatu ya uzi wa kwanza ukiwa bado E. Namba 10 inaweza kukatika kabla hujafika. Kisha teremsha uzi wa kwanza kutoka E hadi D. Nyuzi za 4, 3 na 2 hazikuguswa.

Tazama jinsi hesabu ilivyo rahisi. Kodi zako za nyuzi nne za juu zinabaki, ila uzi wa kwanza unaongezewa freti mbili. C iliyokuwa 2-0-1-0, ukihesabu kutoka uzi wa nne kwenda wa kwanza, inakuwa 2-0-1-2. F ya 3-2-1-1 inakuwa 3-2-1-3. G ni nyuzi wazi. Uzi mwembamba wa tano hauguswi na mkono wa kushoto, unalia wazi muda wote; kwa hiyo kodi za kubana kwa kidole cha shahada zibane nyuzi nne tu. Mfereji wa kizingiti uliochongewa A nene ni mpana kwa uzi huu, nao unaweza kuchezacheza na kuvuma. Kipande kidogo cha karatasi chini yake kinatosha.

Kwa mkono wa kulia, vaa plekta (kucha ya kupigia nyuzi) ya plastiki kwenye gumba na za chuma kwenye shahada na kidole cha kati, sehemu bapa ikielekea nyuzi. Kidole cha mwisho kitue kwenye ngozi. Mzunguko wa kuanzia ni noti nane: uzi wa 3, 2, 5, 1, 4, 2, 5, 1, ukitumia gumba, shahada, gumba, kati, kisha tena. Cheza polepole na metronomu (kifaa cha kuhesabu mapigo), noti zote ziwe na uzito mmoja. Aliyepitia gitaa kavu la vidole kwa njia ya Mwenda Jean Bosco wa Katanga, gumba na shahada zikijibizana, ataona gumba lake limekwisha kufundishwa. Kinachobaki ni kukizoesha kidole cha kati.

Kabla ya kununua, kagua mambo machache. Zungusha kila nati kidogo: iliyoganda kwa kutu itakatika siku ya kuwamba. Tazama unganisho la shingo na duara, pasiwe na mwanya unaofunguka nyuzi zikivutwa. Pima nafasi ya nyuzi pale darajani ukilinganisha na gitaa lako, maana banjo nyingi zimebana zaidi na mkono wa kulia utalalamika. Kuhusu bakuli la nyuma, lenye kusukuma sauti mbele, mimi nawashauri wanaoanza waliache: chombo kilicho wazi nyuma ni chepesi, mvumo wake unatulizwa kirahisi kwa kitambaa, na kinakaa vizuri na sauti ya mwimbaji.

Kwa walio Mombasa, Tanga, Unguja na pwani yote: ngozi ya polista haijali unyevu kama ya mbuzi, lakini chuma kinaujali. Kila baada ya kupiga, futa nyuzi na kulabu kwa kitambaa kikavu, na mara moja kwa miezi miwili mitatu weka tone dogo la mafuta ya cherehani kwenye hesi za kila nati. Tone moja tu, na lisiguse ngozi wala mbao.